Shajara ya mradi: kupunguza taka za mkutano wa siku tatu

Shajara hii inaandikwa na katibu wa kamati ndogo iliyopewa jukumu la kupunguza taka katika mkutano wa siku tatu wenye nafasi 300 za washiriki. Maelezo yameachwa kama yalivyoandikwa wakati ule, pamoja na makadirio yaliyokuja kuonekana si sahihi. Kilichoondolewa ni majina ya watu na ya kampuni tu.

Wiki ya 14 kabla ya mkutano

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta mahali pa kuanzia, nayo imetuchukua siku nyingi kuliko tulivyodhani. Faili la mkutano uliopita lina bajeti, ratiba, orodha ya wahudhuriaji na hata barua za shukrani, lakini halina karatasi hata moja inayoeleza ni taka kiasi gani zilitoka ukumbini, wala zilipelekwa wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na taka nazo ni vivyo hivyo: gari likishaondoka, hakuna anayeweza kusema lilikuwa limebeba nini. Kilichotusaidia ni stakabadhi za manunuzi pamoja na stoo. Huko stoo tulikuta maboksi mawili ya mikoba iliyochapishwa mwaka wa mkutano ule, mafungu ya kamba za beji ambayo hayakuwahi kufunguliwa, na bango refu la plastiki lisiloweza kutundikwa tena popote kwa sababu lina tarehe. Vitu hivyo vyote vilinunuliwa vikiwa vipya, na ndivyo vilivyotufundisha namna ya kuhesabu. Tumekubaliana kwamba safari hii tutapima vinavyoingia ukumbini kwa bidii ileile tutakayopimia vinavyotoka.

Mjumbe mmoja alipendekeza tuanze na mapipa ya rangi tofauti, kwa kuwa yanaonekana na washiriki watayapenda. Nilipinga. Ngazi ya taka ambayo mwanasiasa wa Uholanzi Ad Lansink aliiwasilisha bungeni mwaka 1979, na ambayo kwa sura iliyoboreshwa imo katika agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu taka la mwaka 2008, hutanguliza kuzuia taka zisitokee, kisha kutumia vitu tena, kisha kuvichakata, na utupaji huja mwisho kabisa. Pipa la rangi liko ngazi ya tatu. Tukianzia hapo tutakuwa tumekiri kwamba ngazi mbili za juu zimekwisha kutupita, ilhali zimebaki wiki 14 na hakuna kilichonunuliwa bado.

Tumepitia pia kiwango cha kimataifa cha ISO 20121 kuhusu usimamizi endelevu wa matukio, ambacho kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012, mwaka wa Michezo ya Olimpiki ya London, na toleo lake la pili likatoka mwaka 2024. Hatutaki cheti, kwa sababu mchakato wake ni mzito kwa kamati ya watu sita. Tulichochukua kwake ni nidhamu: kila jukumu liwe na mwenyewe, na kila ahadi iandikwe.

Wiki ya 12

Tumekwenda kuutazama ukumbi kabla ya kutia saini. Kwa kawaida ziara kama hii huishia kwenye vipaza sauti, viti na maegesho. Safari hii tuliomba kuonyeshwa jiko la kuoshea vyombo, ghala la vyombo, mabomba ya maji ya kunywa, na ua wa nyuma ambako taka huwekwa zikisubiri gari. Msimamizi wa ukumbi alishangaa kidogo, kisha akatupeleka bila kinyongo.

Ukumbi una mapipa mazuri ya aina tatu, yenye vibandiko, yamepangwa mlangoni. Nilikuwa nimekwisha kuandika alama ya ndiyo katika fomu yangu ndipo mwenzangu alipouliza swali ambalo ningependa kila mwandaaji alikariri: je, mifuko ya mapipa haya matatu inaondoka kwa gari moja au kwa magari tofauti? Msimamizi alikuwa mkweli. Gari ni moja, na mifuko yote hurushwa humo pamoja. Utenganishaji unaishia uani. Hakuna udanganyifu uliokusudiwa hapo, maana mapipa yalinunuliwa na uongozi mmoja na mkataba wa kuzoa taka ukasainiwa na uongozi mwingine, lakini kwa mshiriki anayesimama sekunde kumi akitafakari chupa yake iingie wapi, kazi hiyo ni maigizo.

Tumeomba mambo mawili yaingizwe katika mkataba wa ukumbi kama kiambatisho: mabaki ya chakula yachukuliwe kila jioni na mtengeneza mboji tutakayemleta sisi, na karatasi pamoja na chupa zipelekwe kwa mchakataji kwa safari ya peke yake baada ya siku ya tatu. Ukumbi umekubali, mradi gharama ya safari hiyo iwe juu yetu. Vyombo vya kauri vipo vya kutosha watu 350, na mashine ya kuoshea vyombo inafanya kazi. Habari hii ya mwisho ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote, na ndiyo iliyotufanya tuuchague ukumbi huu tukaacha ule wa pili wenye mandhari bora.

Wiki ya 10

Wiki nzima imekwenda kwenye chakula, na sijutii, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kilichokuwa kimekwisha kuwafikia wauzaji na walaji, sawa na asilimia 19 ya chakula hicho. Sehemu kubwa ilitoka majumbani, lakini tani milioni 290 zilitoka katika huduma za chakula, yaani migahawa, hoteli, kantini na shughuli kama hii yetu. Chakula hicho kikifukiwa dampo huoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo katika kipindi cha miaka 20 hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 ikilinganishwa na uzito uleule wa kaboni dioksidi. Kwa hiyo hata kama tungeondoa kila kikombe cha plastiki ukumbini, chakula kikibaki kama kilivyokuwa tutakuwa tumeshughulikia kinachoonekana na kuacha kinachodhuru.

Tulipokaa na mtoa huduma ya chakula niligundua kwamba tatizo haliko jikoni. Yeye anajua kupika kwa kiasi. Tatizo ni idadi anayopewa na mkataba unaomlinda. Waandaaji humpa idadi ya waliojiandikisha, wakijua fika kwamba baadhi hawatakuja. Yeye naye huongeza sehemu kidogo juu ya idadi hiyo, kwa kuwa chakula kikipungua jina litakalochafuka ni lake. Kisha mwandaaji, kwa hofu hiyohiyo, huongeza tena juu ya nyongeza. Watu wenye nia njema, kila mmoja akiwa na akiba yake ya siri, hujaza pipa kabla mgeni wa kwanza hajaketi.

Baada ya mazungumzo marefu tumekubaliana kama ifuatavyo. Idadi ya chini ambayo tutailipia hata wasipofika ni 180. Siku 10 kabla ya mkutano tutatoa makadirio, na saa 72 kabla ya kila mlo tutatoa idadi ya mwisho, ambayo haitakuwa na nyongeza yoyote kutoka kwetu. Akiba itakuwa moja tu na itakuwa ya wazi: ataiweka yeye, kwa vyakula vikavu visivyoharibika na vinavyoweza kuivishwa kwa dakika chache, badala ya kuipika mapema. Iwapo chakula kitapungua, lawama itakuwa ya kamati, na jambo hilo limeandikwa. Nadhani sentensi hiyo moja ndiyo iliyomlegeza. Alikuwa hajawahi kuona mteja akiibeba hofu yake kwa maandishi.

Kuhusu upakuaji, tumechukua somo kutoka katika utafiti uliofanywa katika hoteli za Norwei na kuchapishwa mwaka 2013, ambao ulionyesha kwamba kupunguza ukubwa wa sahani kulipunguza mabaki kwa karibu asilimia 20, na kwamba kibao kilichowakaribisha wageni kurudi kupakua tena kadiri wapendavyo kilileta matokeo yanayokaribiana na hayo. Wageni hawakulalamika. Tutatumia sahani za kati, na sinia za mezani zitakuwa ndogo zikijazwa mara kwa mara kutoka jikoni. Faida ya sinia ndogo huonekana mwishoni: chakula ambacho hakijatoka jikoni kinaweza kuhifadhiwa na kugawiwa kwa usalama, lakini kilichokwisha kukaa mezani kikipuliziwa na kila apitaye hakina pa kwenda ila kwenye mboji.

Kugawa chakula kilichobaki kunahitaji saa kuliko huruma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2, cha moto kishikiliwe juu ya nyuzi 60 za Selsiasi na cha baridi kihifadhiwe chini ya nyuzi 5. Tumepata kituo kinachohudumia watu wenye uhitaji ambacho kitatuma gari lenye majokofu saa nane na nusu mchana kila siku. Masharti yao ni mepesi kuyaeleza: chakula kiwe hakijafika mezani, kiwe kimeandikwa saa kilipoivishwa, na tusiwaite kuchukua kile ambacho sisi wenyewe tusingekila.

Wiki ya 9

Hakuna cha maana. Kikao kiliahirishwa kwa kukosa akidi.

Wiki ya 7

Mabishano ya vikombe. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya shughuli alituletea sampuli za vikombe na sahani zinazotajwa kuwa zinaoza, akasema zikitupwa hurudi kuwa udongo. Vilikuwa vyepesi, vya kuvutia, na wajumbe wanne kati ya sita walikuwa tayari kuviagiza pale pale. Nikaomba wiki moja ya kuuliza.

Majibu yamekuja. Vikombe hivyo vimetengenezwa kwa polilaktiki, plastiki itokanayo na mimea, na alama waliyo nayo ni ya kiwango cha Ulaya cha EN 13432. Kiwango hicho hupimwa katika hali ya mtambo wa mboji wa kiwandani, ambako joto hushikiliwa karibu na nyuzi 58 kwa wiki nyingi mfululizo. Kikombe hichohicho kikitupwa shambani, mtoni au katika lundo la kawaida la mboji kinaweza kukaa miaka. Nilimpigia mtengeneza mboji wetu, akajibu bila kusita kwamba havitaki. Malundo yake hayapati joto hilo kwa muda wa kutosha, na vijana wanaochambua hawawezi kukitofautisha kikombe kinachooza na kile cha plastiki ya kawaida, kwa hiyo hutupa vyote. Kikombe cha karatasi nacho kina utando mwembamba wa polietilini, aina ya plastiki, kwa ndani, ambao ndio unaozuia kinywaji kisivuje, na ndio unaowafanya wachakataji wengi wa karatasi wakikatae.

Hesabu ya kulinganisha ni hii. Washiriki 300, kwa siku 3, kila mmoja akinywa mara 5 kwa siku, ni vikombe 4,500 vya kutumia mara moja. Vya kauri vinavyohitajika ni kama 350, na vimekwisha kuwapo kabatini. Mjumbe mmoja alihoji, na alikuwa na haki ya kuhoji, kwamba kuosha nako kunatumia maji, umeme na sabuni, na kwamba kikombe kinachooshwa lazima kitumike mara nyingi ndipo kifidie gharama ya kutengenezwa kwake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama tungenunua vikombe vipya vyenye nembo yetu, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa limependekezwa na mtu mwingine. Kwa vikombe vya ukumbi, ambavyo hutumika katika kila shughuli inayofanyika humo, fidia hiyo ilipatikana siku nyingi. Uamuzi: kauri kwa vinywaji vya moto, glasi na majagi kwa maji, sukari katika vyombo vyenye vifuniko badala ya pakiti ndogo. Tumemwongezea msimamizi wa jiko watu wawili wa kuosha, na gharama yao imetoka katika fungu lililokuwa la vikombe.

Wiki ya 5

Karatasi, mikoba, beji, mabango. Karatasi imekuwa rahisi kuliko nilivyoogopa: ratiba itapatikana kwa simu kupitia msimbo wa mraba (QR) utakaobandikwa milangoni, ratiba tano kubwa zitachapishwa na kutundikwa, na nakala 20 zitawekwa mapokezi kwa asiyetumia simu au asiyeona vizuri maandishi madogo. Kuna wanaotaka kuondoa karatasi kabisa. Mimi sioni sababu ya kumtesa mzee mmoja ili tujivunie sifuri.

Mikoba hakuna. Kamba za beji zitakuwa zile zilizolala stoo, pamoja na nyingine tulizoazima. Hazifanani rangi na haidhuru. Beji ni karatasi nene bila mfuko wa plastiki. Bango jipya limechapishwa kwenye kitambaa, halina tarehe, mwaka wala mada, ila jina la mkutano tu. Tarehe itawekwa kwenye ubao mdogo unaofutika kando yake. Mchapishaji alituuliza mara tatu kama hatujasahau.

Wadhamini ndio waliokuwa wagumu. Mmoja alitaka kuleta zawadi ndogo kwa kila mshiriki, na alipoelezwa sera yetu alihisi kwamba tunamnyima nafasi aliyoilipia. Alikuwa sahihi: nafasi ya kuonekana ndiyo anayoinunua, na kumkatalia bila kumpa mbadala ni dhuluma. Tulimpa chaguo la kugharimia watu wa kuosha vyombo na vituo vya maji, jina lake likiwa juu ya kila jagi. Alichukua siku mbili kufikiri kisha akakubali, akatuma na maneno kwamba angalau mara hii watu watalisoma jina lake mara tano kwa siku. Mdhamini wa pili hakukubali, amejitoa. Pengo lake katika bajeti ni la kweli na mwekahazina hajanisamehe.

Wiki ya 3

Fomu ya uthibitisho imetumwa. Badala ya swali moja la "utakuja?", inauliza kila mlo peke yake, na ina mahali pa kubadilisha jibu hadi saa 72 kabla. Tuliongeza sentensi inayoeleza kwamba chakula kitapikwa kwa idadi hiyo. Hatukuhimiza wala hatukutisha.

Wiki ya 1

Waliojiandikisha ni 300, nafasi zote zimejaa. Waliothibitisha hadi siku ya 10 ni 261, na kufikia leo ni 243. Mlo wa mchana wa siku ya pili una 240, na wa siku ya tatu una 190 tu, kwa sababu wengi wanaanza safari mapema. Bila ya swali la mlo mmoja mmoja tungepika milo 300 siku zote tatu. Tofauti ni milo 57, 60 na 110, jumla milo 227 ambayo haitapikwa.

Mapipa sasa yana nafasi yake. Tumeondoa mapipa yote ndani ya kumbi za vikao na kuweka vituo vinne tu kwenye njia ambazo watu hupita wakitoka. Kila kituo kina mapipa matatu yaliyoshikana (mabaki ya chakula, karatasi na chupa, na yaliyosalia), kwa sababu pipa likiwa peke yake hupokea kila kitu. Juu ya kila pipa tumebandika vitu halisi vitakavyokuwapo siku hiyo: tishu, ganda la tunda, bahasha. Mchoro wa jumla wa chupa hauna maana mahali pasipo na chupa. Vijana wanane wa kujitolea watapokezana kusimama hapo wakati wa mapumziko. Mizani ya kilo 100 tumeikodi, imejaribiwa kwa gunia la mchanga.

Siku ya kwanza

Saa moja asubuhi tulikuta katoni kumi na mbili za maji ya chupa mezani kwa wasemaji. Hakuna aliyeziagiza kwa sasa: zilikuwa katika agizo la kudumu ambalo mtoa huduma mmoja hulitekeleza kwa kila mkutano, na hakuna aliyemwambia alifute. Hakukubali kuzirudisha. Tumezifungia stoo, na majagi yamewekwa mahali pake. Funzo dogo ambalo nimeliandika kwa wino mwekundu ni kwamba kutoagiza kitu hakutoshi, inabidi pia kuandika barua ya kukikataa.

Waliofika ni 236. Mizani ya jioni: makombo ya sahani kilo 14, chakula kilichobaki kwenye sinia za mezani kilo 31, kilichogawiwa kutoka jikoni kilo 22, taka zilizosalia kilo 19. Nilidhani makombo ya sahani ndiyo yangekuwa mengi, kwa kuwa ndiyo tuliyoyasemea kwenye vibao, kumbe sinia zimeyazidi zaidi ya mara mbili. Wahudumu walikuwa wakijaza sinia hadi dakika ya mwisho, kwa kuona haya ya sinia tupu. Nimezungumza na mpishi mkuu. Kuanzia kesho, dakika 20 kabla ya mlo kwisha hakuna sinia itakayojazwa isipokuwa kwa sahani moja moja.

Katika taka zilizosalia tulikuta maboksi 41 ya chakula cha kubeba. Yalikuwa ya mafundi wa sauti, walinzi na vijana wetu wenyewe wa kujitolea. Katika mikataba yote ile, fomu zote zile na vikao vyote vile, hakuna aliyewahesabu, basi wakajinunulia nje. Hii ndiyo dosari yangu kubwa katika mradi huu, kwa kuwa orodha ya walaji niliiandaa mimi.

Siku ya pili

Mafundi na walinzi wameingizwa kwenye idadi ya mlo, na vijana vilevile. Makombo ya sahani ni kilo 13, sinia za mezani kilo 12, taka zilizosalia kilo 12.

Lakini ugawaji umeharibika, na sababu yake iko mbali na jiko. Mjadala wa asubuhi ulipitiliza kwa dakika 50, kwa kuwa mwenyekiti wa kikao hakutaka kuwakatiza wasemaji wakubwa. Vyakula vya moto vilivumilia kwenye vyombo vya kupashia, ila vya baridi vilikwisha kutandazwa kwa saa ya awali na vikapitisha muda wake vikingoja. Gari la kituo lilifika saa nane na nusu kama lilivyoahidi, washiriki wakiwa bado wanakula, likasubiri nusu saa, likaondoka na kilo 6. Kilo 17 zimekwenda kwenye mboji. Nilimwendea mwenyekiti jioni nikamweleza. "Ndugu katibu," alisema, "ungeniambia kwamba dakika zangu zina uzito wa kilo, ningekatiza." Kesho vyakula vya baridi havitatoka jokofuni hadi mlango wa ukumbi ufunguliwe, na mwenyekiti atawekewa mbele yake karatasi yenye saa ya gari.

Siku ya tatu

Waliokula mchana ni 171 kati ya 190 tulioagizia. Kikao kilikwisha kwa wakati. Kilichogawiwa ni kilo 25, makombo kilo 9, sinia kilo 7, taka zilizosalia kilo 11.

Kamba za beji tulizikusanya mlangoni kwa kisanduku na kijana mmoja mcheshi. Zilitolewa beji 245 kwa siku zote, kamba 208 zimerudi. Sanduku la pili lililowekwa mlango wa nyuma bila mtu lilipata kamba tatu na kalamu moja.

Wiki ya kwanza baada ya mkutano

Mtengeneza mboji amethibitisha kwamba shehena zetu zilikuwa safi isipokuwa ile ya siku ya kwanza, ambayo ilikuwa na vifuniko vya plastiki vya pakiti za maziwa. Hatukuwa tumeziwaza pakiti hizo. Mchakataji wa karatasi amekataa mfuko mmoja uliolowa. Vikombe vilivyovunjika ni sita, vimelipwa. Katoni za maji ya chupa bado ziko stoo, na tumeuandikia ukumbi kwamba zitumike katika dharura ya kukatika kwa maji, si katika mkutano ujao.

Siwezi kusema tumepunguza taka kwa asilimia ngapi, maana mkutano uliopita haukupimwa. Wajumbe wawili wanataka tukadirie ili ripoti ipendeze. Nimekataa, na mwenyekiti ameniunga mkono. Ripoti itakuwa na kilo zilizopimwa, milo 227 isiyopikwa, vikombe 4,500 visivyonunuliwa kwa hesabu ya juu kabisa, na orodha ya yaliyoharibika.

Wiki ya tatu baada ya mkutano

Mtoa huduma ya chakula ameandika barua. Anaomba kwamba mara ijayo idadi ya saa 72 iambatane na ratiba kamili ya vikao, ili ajue ni kikao gani kinachotangulia mlo na nani anakiongoza. Anaomba pia sinia za ukubwa wa nusu, kwa sababu zile tulizoziita ndogo bado zilikuwa kubwa kwa nusu saa ya mwisho. Mambo yote mawili yameingizwa katika rasimu ya mkataba ujao, pamoja na mstari unaowataja mafundi, walinzi na wafanyakazi wa kujitolea, na mwingine unaofuta maagizo yote ya kudumu.

Kamba 208 zimehesabiwa, zimefuliwa na kufungwa kwa mafungu ya hamsini hamsini, na zile tulizoazima zimerudishwa kwa wenyewe. Bango limekunjwa bila kutiwa mkunjo wa katikati. Mizani imerejeshwa leo asubuhi, na jedwali la uzito limewekwa mwanzoni mwa faili la mkutano, mbele ya barua za shukrani.